Gari likiwaka moto: mwongozo kwa marshali wa kando ya njia katika mbio za magari ya turingi

Mei 2011, katika uwanja wa Barbagallo ulioko kaskazini mwa jiji la Perth, Australia, gari la Karl Reindler lilizimika kwenye mstari wa kuanzia mbio za V8 Supercars, mashindano ya magari ya turingi ya Australia. Magari ya mbele yaliondoka, na baadhi ya yaliyokuwa nyuma yakafanikiwa kumkwepa, lakini Steve Owen, ambaye macho yake yalikuwa yamezibwa na magari yaliyomtangulia, hakuliona gari lililosimama hadi alipokuwa amelifikia, akalivaa kwa nyuma kwa kasi kubwa. Katika magari ya wakati ule tangi la mafuta lilikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, mahali hasa palipogongwa. Mafuta yalimwagika, na kufumba na kufumbua moto ulikuwa umelimeza gari. Reindler alitoka mwenyewe akiwa na majeraha ya moto mikononi na usoni. Magari mapya ya mashindano hayo yalipoanza kutumika mwaka 2013, tangi lilikuwa limehamishiwa mbele ya ekseli ya nyuma.

Ajali ile inafaa kuanzia somo hili kwa sababu mbili. Kwanza, ilitokea mbele ya macho ya watu wote, kwenye mstari wa kuanzia ambako watu na vifaa vya uokoaji huwa vingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya njia, na bado dereva ndiye aliyejitoa. Pili, inaonyesha jinsi sekunde zilivyo chache. Mtu anayetaka kujitolea kuwa marshali, yaani mmoja wa wale wanaosimama kando ya njia wakiwa na bendera, redio na mitungi ya kuzimia moto, huenda akadhani kwamba sifa kuu ya kazi hiyo ni kasi ya miguu na ujasiri. Kwa maoni yangu sivyo. Sekunde huokolewa na yule aliyekwisha kupanga, kabla mbio hazijaanza, atasimama wapi, atabeba nini na nani atamlinda mgongo. Anayetimka bila mpango huzipoteza, na wakati mwingine hupoteza zaidi ya sekunde.

Kabla ya taa za kuanzia mbio kuzimwa

Magari ya turingi yana umbo la magari tunayoyaona barabarani kila siku, yana paa, milango na madirisha, lakini ndani yameng'olewa viti na mapambo yote na kuwekwa fremu ya mabomba ya chuma inayomzunguka dereva. Paa na fremu humlinda dereva gari linapopinduka. Hata hivyo, hayo hayo hufanya moshi ujae ndani upesi, humficha dereva asionekane kutoka mbali, na huifunika injini kiasi kwamba moto unaweza kuwaka kwa muda chini ya boneti kabla mtu wa nje hajauona. Marshali aliyezoea kuangalia magari ya wazi, ambayo kichwa cha dereva kiko nje, lazima ajifunze upya namna ya kutazama.

Asubuhi, kabla ya magari kuingia njiani, tembelea piti, yaani sehemu ambayo timu huhudumia magari yao, ukiomba ruhusa ya timu, na utazame magari utakayoyahudumia. Tafuta alama mbili zilizowekwa kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA. Ya kwanza ni herufi E nyekundu ndani ya duara jeupe lenye ukingo mwekundu, lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi: hapo ndipo penye kishikio cha kuvuta ili mtungi uliofungwa ndani ya gari umwage dawa yake kwenye injini na kwenye chumba cha dereva. Ya pili ni pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe na mchoro wa radi nyekundu: hapo ndipo panapokatwa umeme wote wa gari, injini ikazimika na pampu ya mafuta ikaacha kusukuma. Mara nyingi alama hizo huwa chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva, lakini usitegemee kukisia. Angalia pia wavu wa dirisha la dereva unafunguliwa vipi, mlango una kishikio cha namna gani, na usukani unachomolewaje. Mambo haya huonekana madogo saa tatu asubuhi, gari likiwa limetulia kwenye jeki. Ndani ya moshi, mkono usioyajua hupapasa.

Halafu shughulikia mavazi yako. Vaa pamba au sufu kuanzia nguo za ndani hadi za juu, ovaroli yenye mikono mirefu, glavu za ngozi, na buti za ngozi zinazopita vifundo vya miguu. Nailoni na vitambaa vingine vya aina hiyo huyeyuka na kugandamana na ngozi, kwa hiyo hata koti la mvua livuliwe kabla ya kuukaribia moto. Epuka rangi nyekundu na njano, kwa kuwa dereva anayepita kwa kilomita 200 kwa saa anaweza kudhani nguo yako ni bendera. Anayeona kwamba mavazi ni jambo dogo akumbuke Zandvoort, Uholanzi, mwaka 1973, pale gari la Formula One la Roger Williamson lilipopinduka na kuwaka akiwa amenaswa chini yake: mamarshali waliokuwa karibu hawakuwa na nguo za kuhimili moto, wakashindwa kusogea, na dereva mwenzake David Purley akahangaika karibu peke yake kulipindua gari bila kufanikiwa.

Mitungi nayo ikaguliwe mmoja mmoja. Tazama mshale wa kipimo cha shinikizo, pini na lakiri yake, na bomba kama lina ufa au limezibwa na udongo. Kituo kizuri cha mamarshali kina aina mbili angalau: unga mkavu, ambao huangusha ndimi za moto kwa haraka lakini haupozi kitu, na povu, ambalo hutandaza tabaka juu ya mafuta na kuzuia mvuke wake usipande, kama mfuniko juu ya sufuria. Gesi ya kaboni dioksidi inafaa ndani ya gereji ya piti; nje, upepo huichukua kabla haijafanya kazi. Uliza vilevile ni mafuta gani yanayotumika. V8 Supercars ilianza kutumia mwaka 2009 mafuta ya E85, ambayo sehemu yake kubwa ni ethanoli, na ethanoli huliharibu povu la kawaida; panahitajika povu lililotengenezwa kuhimili pombe. Mwali wake pia ni hafifu kuliko wa petroli tupu, na chini ya jua kali la mchana unaweza kuonekana mdogo kuliko ulivyo kwa kweli. Mahali ambapo hewa inatetemeka juu ya lami na rangi ya gari inatoka malengelenge pana moto, hata kama huoni mwali.

Adui wa kwanza ni gari linalokuja

Hapa nitakaa kwa urefu, maana ndipo penye vifo vya watu waliokwenda kuokoa. Machi 1977, kwenye uwanja wa Kyalami, Afrika Kusini, gari la Renzo Zorzi lilisimama kando ya njia likiwa na moto mdogo. Mamarshali wawili walikatiza njia kutoka upande wa piti kwenda kuuzima, mahali ambapo magari yalikuwa yanapanda kilima na madereva hawaoni kilicho upande wa pili. Wa kwanza alinusurika kwa bahati. Wa pili, kijana wa miaka 19 aliyebeba mtungi mzito, aligongwa na gari la Tom Pryce na kufa papo hapo, na mtungi ule ukampiga Pryce kichwani, naye akafa. Zorzi, ambaye kwa ajili yake watu walikimbia, alitoka salama. Zilikuwa mbio za Formula One, si za turingi, lakini sijui mfano mwingine unaoeleza wazi zaidi kwa nini kanuni ya kwanza ya kazi hii haihusu moto.

Kanuni yenyewe ni kwamba hakuna anayeingia njiani, wala kukatiza, mpaka mkuu wa kituo amempa ruhusa na bendera zimekwisha kutolewa. Bendera ya njano moja inayopepewa humwambia dereva kwamba kuna hatari kando ya njia au kwenye sehemu yake. Njano mbili zinazopepewa humwambia kwamba njia imezibwa kwa sehemu au yote, au watu wanafanya kazi karibu naye, kwa hiyo apunguze mwendo sana na awe tayari kusimama. Kwa gari linalowaka, njano mbili zitolewe kabla ya buti ya kwanza kukanyaga lami, na kituo cha nyuma yenu nacho kijulishwe. Mkurugenzi wa mbio akiamua kusimamisha mbio kwa bendera nyekundu, usidhani njia imekuwa tupu wakati huo huo. Bado kuna magari yatakayokuja, baadhi yakiendeshwa na watu wanaotazama moshi badala ya kukutazama wewe.

Mtu mmoja wa kituo asishike mtungi kabisa. Kazi yake ni kusimama akielekea magari yanakotoka, filimbi mdomoni, na kuipuliza kwa nguvu anapoona gari limepoteza mwelekeo. Wanaozima moto hawawezi kutazama pande mbili, na kelele za injini, moto na redio huzima sauti ya mtu anayeita. Filimbi ikilia, kila mtu anaacha alichokuwa anafanya na kuruka nyuma ya kizuizi bila kuuliza. Mazoezi ya jambo hili yafanyike mapema, kwa sababu mwili wa binadamu aliyeinama juu ya dereva hautaki kuondoka.

Wakati wa kulisogelea gari, pita nyuma ya ukuta au vyuma vya kingo hadi mahali palipo karibu zaidi, kisha toka, uso ukielekea magari yanayokuja. Usiyape mgongo hata kwa hatua mbili.

Kuusogelea na kuuangusha moto

Unapokaribia, soma moshi. Moshi mweupe unaotanda na kupotea upesi mara nyingi ni mvuke wa maji ya rejeta, na haustahili mtungi. Moshi wa buluu ni oili iliyodondokea bomba la moshi au turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa, na unaweza kugeuka kuwa moto wakati wowote. Moshi mweusi mzito ni petroli, raba au plastiki inayoungua. Gari likisimama juu ya nyasi kavu, angalia chini yake kwanza, maana bomba la moshi huziwasha nyasi baada ya gari kutulia, dereva akiwa bado hajui. Dawa yake ni kulisukuma gari litoke hapo pamoja na maji kidogo, si unga. Breki nazo huwa na tabia ya kuchelewa: diski zinazong'aa kwa joto hupozwa na upepo wa mwendo, na gari likisimama upepo huo hukatika, kisha ndimi ndogo zikachomoza kwenye gurudumu nusu dakika baadaye.

Njoo kutoka upande upepo unakotoka, ukiwa umeinama, kwa sababu joto na moshi hupanda na ukungu wa unga hurudishwa usoni mwa aliyesimama vibaya. Vuta pini ukiwa njiani, bana mara moja kwa ufupi kuhakikisha mtungi unafanya kazi, kisha anza ukiwa hatua tatu au nne kutoka kwenye moto. Elekeza bomba kwenye shina la moto, sio kwenye ndimi, na ulifagishe kutoka kushoto kwenda kulia huku ukisogea. Kumbuka kwamba mtungi wa kilo 9 unaisha kabla ya nusu dakika. Ndiyo maana wawili wenye mitungi ni bora kuliko mmoja hodari, mradi wasimame upande mmoja. Wakikabiliana, kila mmoja anamsukumia mwenzake moto.

Dereva akiwa bado ndani, lengo la mtungi wa kwanza ni kumtengenezea njia, na kuzima gari lote kutasubiri. Zuia moto usimfikie, sukuma ndimi zitoke kwenye mlango atakaoutumia, hata kama sehemu ya mizigo nyuma ya gari inaendelea kuwaka. Mwenzako akiweza kufikia kishikio cha E, akivute; akifikia swichi ya umeme, aikate. Dereva akiwa amekwisha toka na kuonekana yuko nyuma ya ukuta, haraka inapungua sana, na kuanzia hapo hakuna gari linalostahili vidole vyako. Ni jambo la ajabu jinsi watu wanavyozidisha ujasiri katika hatua hii, wakati mtu wa kuokolewa hayupo tena.

Moto wa injini una mtego wake. Ukifungua boneti yote kwa mara moja unaupa hewa, nao utakulipukia usoni. Pitisha unga kwenye matundu ya mbele, kwenye nafasi za juu ya magurudumu na chini ya gari kwanza. Boneti iinuliwe kidogo tu, tena na mtu mwenye glavu aliyekaa pembeni, mwenzake akiwa tayari na bomba. Unga ukishaangusha ndimi, fuatisha povu mara moja, kwa kuwa chuma cha injini na turbo bado kina joto la kuwasha mafuta upya. Gari linalozimika na kuwaka tena mara mbili au tatu lilizimwa kwa unga mtupu.

Maji yanayomwagwa kwa nguvu juu ya petroli huisambaza. Yahifadhi kwa nyasi na matairi ya kizuizi, na kwa kupoza chuma baada ya kazi kubwa kwisha.

Dereva aliye ndani

Nguo ya dereva, pamoja na fulana, soksi na kitambaa cha kichwani, hupimwa kwa sekunde ambazo joto huchukua kupenya, na ni sekunde za kutokea, wala si ruhusa ya kukaa. Romain Grosjean alikaa ndani ya moto kwa sekunde zipatazo 28 huko Bahrain, Novemba 2020, katika mbio za Formula One, akatoka akiwa na majeraha ya moto mikononi. Wakati anapanda vyuma vya kizuizi alikutana na daktari Ian Roberts, aliyekuwa amefika kwa gari la huduma ya tiba linalofuata msafara katika mzunguko wa kwanza, huku marshali akipuliza unga kurudisha ndimi nyuma. Kazi iligawanywa: mmoja kwa moto, mwingine kwa mtu.

Katika gari la turingi, kama dereva ana fahamu, mara nyingi atajitoa, na msaada mkubwa ni kumfungulia wavu na mlango kisha kumwondolea watu wanaomzibia. Asipojitoa, fuata utaratibu huu: mlango, usukani, mkanda, mtu. Mlango ukikataa, jaribu wa upande wa pili kabla ya kupigana nao. Usukani uchomolewe na kutupwa nje. Mkanda una kamba sita zinazokutana kwenye bizimu moja kifuani au tumboni. Izungushe nazo zote zitaachia pamoja. Usisahau waya wa redio na bomba la maji ya kunywa, ambavyo humshika mtu shingoni wakati mnadhani yuko huru. Mvute kwa kumshika chini ya makwapa na mabega yakiwa yametangulia. Panapokuwa hapana moto wala mafuta yanayovuja, usimtoe hata kidogo. Msubiri daktari, kwa kuwa mgongo uliovunjika hauonekani kwa nje. Moto ndio unaobadilisha hesabu hiyo.

Akishatoka, apelekwe nyuma ya ukuta, upande upepo unakotoka. Sehemu zilizoungua zimwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu na bila mafuta ya aina yoyote, wala nguo iliyogandamana na ngozi isibanduliwe. Helmeti iachwe kwa wenye ujuzi, isipokuwa hapumui. Dereva anayesema hana tatizo lakini sauti yake imekwaruza, au ana masizi puani, aonwe na daktari bila mabishano, kwa sababu moshi aliovuta unaweza kuivimbisha njia ya hewa baada ya muda.

Moto ukishazimika

Gari lisiachwe peke yake. Mtu mmoja abaki na mtungi uliojaa hadi winchi iliondoe, na amfuate hata mwendesha winchi, kwani kuinuliwa kwa gari humwaga mafuta yaliyokuwa yametulia kwenye mikunjo ya bati. Unga uliobaki juu ya lami ni utelezi: ufagiliwe, na mahali palipomwagika mafuta pamwagwe unga wa kunyonya kabla ya kufagiwa tena. Kama bado pana utelezi magari yanaporuhusiwa kupita, bendera ya njano yenye mistari myekundu ionyeshwe.

Kwa magari yenye betri inayosaidia kuyaendesha, kama yale ya BTCC, mashindano ya magari ya turingi ya Uingereza, yaliyotumia mfumo wa haibridi, yaani injini ya mafuta ikisaidiwa na mota ya umeme, kuanzia 2022 hadi 2024, mambo mengine hubadilika. Angalia taa ya hali ya mfumo wa umeme kabla ya kugusa bodi, na usikilize maelezo ya asubuhi kuhusu maana ya kila rangi. Betri ya lithiamu ikishika moto huhitaji maji mengi kwa muda mrefu, na huweza kuwaka upya baada ya saa kadhaa, kwa hiyo gari hilo likaegeshwe mbali na mengine, si katika gereji ya timu.

Mtungi wowote uliobanwa, hata mara moja, ulazwe ubavu chini ili asije mtu mwingine akaubeba akidhani umejaa. Mkuu wa kituo ahesabu iliyosimama na iliyolala, akiite chumba cha udhibiti kwa redio, na mbio zisianzishwe tena hadi mitungi mingine iletwe.